Fungu la nyanya la mia tano: namna ya kuwafundisha wanafunzi utafiti kwa kudadisi

"Mwalimu, mbona fungu la nyanya ni mia tano ileile kila siku, halafu mama anasema nyanya zimepanda bei?"

Aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, tukiwa katikati ya kipindi cha asilimia. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza, nikaliandika swali lake kwenye kona ya juu ya ubao, nikaomba lisifutwe. Lilikaa pale wiki nzima, na kutoka hapo ikazaliwa kazi ya wiki tatu iliyowafundisha vijana wale utafiti kuliko noti zote nilizowahi kuwaandikisha.

Nafundisha Mbagala, jijini Dar es Salaam. Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenye hali kama yangu: mkondo wa wanafunzi sabini, vipindi vya dakika 40, mizani moja ya maabara na karatasi chache za manila. Mtaala wetu umedai ujuzi badala ya kukariri tangu 2005, na maboresho ya 2023 yamesisitiza jambo hilohilo. Hata hivyo bado tunao vijana wanaoweza kutaja hatua zote za utafiti kwa mpangilio, lakini ukiwauliza mtaa wao una visima vingapi, hawajui waanzie wapi. Utafiti ni kama kuogelea, lazima mtu aingie majini. Na kama ilivyo kwenye kuogelea, humtupi mtoto kilindini ukakaa pembeni kumtazama. Nitalirudia hilo, kwa sababu wengi wetu tunapojaribu kufundisha kwa kudadisi tunafeli hapo.

Hatua ya 1: Kusanya maswali, na usimcheke yeyote

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia. Kisha anayeuliza swali lisilo kwenye noti darasa zima linamcheka, na wakati mwingine mwalimu naye anacheka. Kabla ya kazi yoyote ya utafiti, mimi huwasimulia wanafunzi habari za Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba. Siku moja yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyoyaweka bila kuyachemsha. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa kule Iringa, alifika mgeni kutoka chuo kikuu cha hapa Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akamuuliza swali lilelile mbele ya wenzake, nao wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea, na likitokea ni kwa masharti gani, lakini dunia nzima wanaliita kwa jina la Mpemba.

Baada ya simulizi hiyo nagawa vipande vya karatasi. Kila mwanafunzi anaandika maswali mawili kuhusu jambo analoliona kila siku kati ya nyumbani na shuleni, bila kuandika jina. Nikishakusanya nayasoma yote kwa sauti, hata yale ya ajabu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipata mengi kuliko nilivyotarajia. Kwa nini daladala zinazokwenda Kariakoo hazijai saa nane mchana? Maji ya kisima cha mtaani mbona yana chumvi na ya bomba hayana? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, mbona bado ipo kwenye mitaro? Mtoto mwenye swali la namna hiyo amekwisha kuanza utafiti, kinachobaki ni kumwonyesha njia.

Hatua ya 2: Lichonge swali mpaka lipimike

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Mimi hutenga vipindi viwili mfululizo, na sioni kama ni hasara.

Swali la mtoto huja likiwa kubwa na la jumla: "Kwa nini maisha ni magumu?" "Kwa nini Dar es Salaam inafurika?" Hayo ni maswali mazuri, ila kijana wa miaka kumi na tano mwenye rula na daftari hawezi kuyajibu kwa wiki tatu. Kazi yako ni kulichonga naye swali lake mpaka likidhi masharti matatu. Jibu lake lipatikane kwa kuhesabu, kupima, kutazama au kuuliza watu. Watu au vitu hivyo viwe umbali wa kutembea kutoka shuleni. Na wewe mwalimu usiwe unalijua jibu kamili. Sharti la tatu ndilo tunalolisahau. Wanafunzi wanatusoma usoni, na wakihisi jibu unalo, wataacha kutafuta na kuanza kukubahatisha.

Njia ninayoitumia ni kugeuza neno la kuulizia. "Kwa nini" inageuzwa kuwa "ngapi", "lini", "wapi" au "kuna tofauti gani kati ya". Mafuriko ya jiji zima yakawa: baada ya mvua, maji hukaa saa ngapi kwenye uwanja wetu, na ni kona ipi hukauka mwisho? Daladala zikawa: kati ya saa saba na saa tisa, ni ngapi hupita kituoni zikiwa na viti vitupu? Swali la nyanya likapita mikono mingi. Kwanza lilikuwa: "Je, nyanya zimepanda?" Kisha: "Fungu la mia tano lina nyanya ngapi?" Hapo binti mmoja akanyanyuka akasema nyanya tano kubwa zinaweza kuzidi nyanya nane ndogo. Darasa likanyamaza. Kwa dakika kumi wakabishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nikiwa nimekaa dawati la nyuma, mpaka wakafikia hili: "Fungu la nyanya la shilingi 500 lina uzito wa gramu ngapi katika magenge yaliyo karibu na shule yetu, na je, uzito huo unatofautiana kati ya genge na genge?"

Andika kwenye ubao hatua zote ambazo swali limepitia, usifute. Waone kwamba swali zuri halizaliwi likiwa kamili.

Hatua ya 3: Amua ni kiasi gani cha kamba utawaachia

Kwa darasa ambalo halijawahi kufanya kazi hii, toa swali wewe na onyesha njia wewe, wao watafute jibu. Kazi ya pili, toa swali tu, njia wabuni wao. Kazi ya tatu ndipo swali na njia vyote viwe vyao. Ukiruka hatua utapata kelele, na utatamka ile kauli niliyoisikia mara nyingi kwenye ofisi za walimu, kwamba wanafunzi wetu hawawezi. Wanaweza, ila hawajafundishwa hatua ya kati.

Hatua ya 4: Tafuteni kwanza kilichokwisha kujulikana

Kabla ya kutoka nje, kila kikundi kitafute vyanzo viwili kuhusu jambo lao. Kitabu cha kiada kinafaa, na gazeti la zamani pia. Maktaba Kuu iliyopo barabara ya Bibi Titi Mohamed inafaa kwa ziara ya siku moja. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi mwenendo wa bei za walaji, na kwa kazi ya nyanya hicho kilikuwa chanzo cha thamani. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo nilinakili majedwali mimi mwenyewe kwenye manila nikayabandika ukutani.

Wafundishe kukiuliza kila chanzo mambo matatu: nani kasema, amejuaje, na amesema lini. Kwa hilo la "lini", mfano unaowaingia haraka ni idadi ya watu wa jiji letu. Ukurasa mmoja unaandika watu 4,364,541, mwingine 5,383,728. Wanafunzi huwa na haraka ya kuamua kwamba mmoja unadanganya. Kumbe wa kwanza unanukuu Sensa ya 2012 na wa pili Sensa ya 2022. Takwimu zote mbili ni sahihi kwa mwaka wake, na anayenukuu bila kutaja mwaka ndiye anayepotosha.

Siku hizi wapo wanaokuja na aya nzima kutoka kwenye programu za akili mnemba, wameipata nyumbani kwa simu ya kaka. Siwagombezi. Nawauliza yale matatu. Kwa "amejuaje" hukwama, na wakienda kukitafuta kitabu kilichotajwa, mara nyingine hawakipati kwa sababu hakijawahi kuandikwa. Somo hilo hawalisahau.

Hatua ya 5: Ruhusa na usalama

Usifanye mkato hapa. Mkuu wa shule aandike barua, nakala iende ofisi ya serikali ya mtaa, na wazazi wajulishwe kwa maandishi. Wanafunzi wavae sare, watembee kwa vikundi, wasivuke barabara kuu. Mwalimu mwenzako awepo. Kila kikundi kijue saa ya kurudi.

Hatua ya 6: Gawa kazi, chagua sampuli

Wanafunzi sabini nimewagawa katika vikundi kumi na vinne vya watu watano. Kila mmoja ana kazi yake: muulizaji, mpimaji, mwandishi, mtunza muda na mkaguzi. Mkaguzi anatazama kama kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Kazi hiyo mpe yule mtoto mkimya anayeona kila kitu, na utashangaa jinsi anavyochanua.

Magenge yote hamtayafikia, na ukiwaacha wachague, watakwenda kwa mama mwenye genge la karibu na geti, anayewachekea. Tulichora ramani ya mitaa kwa mkono, tukayapa magenge yote namba, tukakunja vikaratasi, tukachezesha bahati nasibu na kuokota kumi na mbili. Kwa kitendo hicho kimoja wanafunzi walielewa sampuli ya kubahatisha kuliko ambavyo ningewaeleza kwa kipindi kizima.

Hatua ya 7: Kwenda uwandani

Fanyeni mazoezi darasani kwanza. Mwanafunzi mmoja awe mama wa genge mwenye shughuli nyingi, mwingine awe mtafiti. Salamu ndiyo nusu ya kazi: "Shikamoo mama. Sisi ni wanafunzi wa shule ile pale. Tunajifunza kupima, tunaomba dakika zako tano. Jina lako hatutaliandika." Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Kikundi changu cha kwanza kilirudi mikono mitupu kwa sababu muuzaji aliwauliza, "Mmetumwa na manispaa?" na hawakuwa na la kujibu. Mtu anayehangaika na ushuru ana haki ya kuogopa daftari. Tangu siku hiyo kila kikundi hubeba nakala ya barua, na hununua fungu kinalolipima. Mafungu kumi na mawili ni shilingi 6,000. Baada ya kupimwa nyanya zilikwenda jikoni shuleni.

Chagueni saa vizuri. Asubuhi mapema mwenye genge bado yuko njiani akitoka sokoni Ilala au Mabibo. Jioni wateja wanaorudi kazini wamejaa. Kwetu saa nane mchana palikuwa na utulivu. Kwa kuwa vikundi vyote haviwezi kutoka siku moja, sisi tulitoka kwa zamu kwa wiki nzima. Basi kila rekodi iwe na tarehe na saa, maana bei ya Jumatatu si lazima iwe ya Ijumaa.

Nina neno kuhusu lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, lakini mama wa genge hajibu kwa Kiingereza, na mtoto anayefikiri huku akitafsiri hupoteza nusu ya alichosikia. Maswali, madokezo na mijadala ya kazi hii vyote nimeviacha viwe kwa Kiswahili. Ripoti ikihitajika kwa Kiingereza itaandikwa mwishoni, wazo likiwa limekwisha kukomaa. Sijaona mwanafunzi aliyepungukiwa kwa kufanya hivyo, na nimeona wengi waliofunguka.

Hatua ya 8: Daftari la uwandani, na jinsi ya kuzuia data za kupika

Kikundi kimoja kilirudi baada ya dakika ishirini kikiwa na namba safi sana. Gramu 500, 550, 600, 650. Hakuna iliyoishia na tatu wala saba. Walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakapika.

Sikuchukua fimbo. Niliwauliza taratibu: genge la kwanza aliyekaa alikuwa mama au kijana? Nyanya zilikuwa mbivu au za kuvunja? Mizani mliiweka juu ya nini? Kimya. Kisha nikawaambia waende tena kesho. Usiku ule nilijiuliza kwa nini walipika, na jibu lilinigusa mimi. Walikuwa wamezoea kupewa maksi kwa usafi wa jibu. Kwa hiyo nikabadilisha usahihishaji. Kati ya maksi 50, daftari la uwandani lina 20, njia 10, hitimisho 10, swali 5 na uwasilishaji 5. Mwanafunzi akiandika "muuzaji alikataa kuhojiwa" au "mizani iliyumba, tumepima mara mbili" anapata maksi, maana hiyo ni data.

Masharti ya daftari ni machache. Kalamu ya wino, ufutio marufuku, kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lionekane. Ukurasa wa kushoto uandikwe kilichoonekana na kusikika, wa kulia kile wanachodhani. Uzito upimwe mara mbili, na zote mbili ziandikwe hata kama zinapishana. Mwalimu asaini kila siku.

Hatua ya 9: Kuzisoma namba

Chora jedwali kubwa kwenye manila, kila kikundi kiandike matokeo yake mbele ya wenzake. Kisha wageuze uzito kuwa bei ya kilo. Fungu la gramu 400 kwa shilingi 500 lina maana kilo ni shilingi 1,250, na la gramu 650 linafanya kilo iwe kama shilingi 770. Watoto hushtuka kuona bei mbili tofauti hivyo zimejificha ndani ya mia tano moja. Hapo ndipo yule aliyeuliza mwanzoni alipopata mlango wa kumwelewa mama yake: bei inasimama, fungu ndilo linalopungua.

Wapange namba kuanzia ndogo hadi kubwa, watafute wastani na ya katikati, na wajadili kwa nini haziko sawa. Fungu moja kubwa kupita kiasi linaweza kuuvuta wastani juu peke yake. Grafu ya nguzo inatosha.

Hatua ya 10: Hitimisho lisizidi ushahidi

Vijana wana haraka ya kuhukumu. Rasimu ya kwanza iliandika: "Wauzaji wa Dar es Salaam wanatuibia." Tukagawa ubao safu tatu, Tumeona, Tunadhani, Hatujui, na kila sentensi ya ripoti ikatafutiwa safu yake. Walichoona ni magenge kumi na mawili ya eneo moja kwa wiki moja, basi "Dar es Salaam" ikafutwa. Na "wanatuibia" haikupata safu hata moja, kwa sababu hakuna aliyeuliza muuzaji ananunua kwa bei gani. Wakarudi kuuliza. Wakaambiwa habari za tenga linalonunuliwa likiwa limefunikwa, za nyanya zinazopasuka njiani na kutupwa, za nauli ya bajaji, za masika barabara zinapoharibika na mzigo kuchelewa. Sentensi ikaandikwa upya: "Mafungu yanatofautiana uzito. Wauzaji watatu walisema sababu ni hasara ya nyanya zinazooza. Hatukupima hasara hiyo."

Nikipewa nafasi ya kufundisha sentensi moja tu ya utafiti, ningefundisha ile ya mwisho.

Hatua ya 11: Rudisheni matokeo

Uwasilishaji darasani uwe mfupi, dakika tano kwa kikundi, na maswali yatoke kwa wanafunzi wenzao. Baada ya hapo kikundi kiende na nakala ya jedwali kwa waliowapa muda wao, bila jina la genge lolote. Sisi tulikwenda Ijumaa mchana. Mama mmoja alilitazama jedwali kwa muda mrefu, akauliza lake ni lipi. Wanafunzi wakamwambia hawawezi kumwonyesha, ndivyo walivyoahidi. Akatikisa kichwa kukubali, akawauliza kama wanaweza kurudi na mizani mwezi wa nne, mvua zikianza, wampimie tenga zima kabla hajalifungua na tena baada ya kutoa zilizooza. Swali hilo sasa liko kwenye kona ya juu ya ubao wetu.